Si Vinyago Tu: Ufundi wa Kalamba Uandikwe Ungali Hai

Mkaazi wa Mombasa akiulizwa habari ya ufundi wa Wakamba, jibu lake halikawii. Atakuelekeza Changamwe, kwenye njia ya kwendea uwanja wa ndege, ambako chama cha ushirika cha wachonga vinyago cha Akamba kimekuwako tangu mwaka 1963. Huko utawakuta mafundi wamekaa vibandani, tezo mkononi, vigae vya mti vimewazunguka mpaka magotini, na mbele yao wamejipanga twiga, vifaru, simba na wazee wenye mikuki. Watalii wanateremka mabasini, wananunua, wanaondoka. Basi katika akili ya mtu wa pwani, Mkamba na kinyago ni kitu kimoja.

Sina ugomvi na kazi ya Changamwe. Ni kazi ya halali na imesomesha watoto wengi. Lakini nataka kuwaambia wasomaji wa ukurasa huu jambo ambalo wengi wetu hatukulijua, ingawa tunaishi nao mlango kwa mlango: kinyago kile ndicho kichanga miongoni mwa ufundi wote wa Ukambani. Ule mkongwe uko bara, katika vijiji kama Kalamba, na unakwisha mmoja mmoja bila ya mtu kuuandika.

Kwanza niieleze habari ya kinyago, maana imepitia huku kwetu. Masimulizi ya watu wa Wamunyu, ambayo siku hizi ni sehemu ya kaunti ya Machakos, humtaja Mutisya Munge kuwa ndiye mwanzo. Alichukuliwa wakati wa Vita Kuu vya Kwanza katika kile kikosi cha wapagazi ambacho kwa ulimi wetu tulikiita Kariakoo, akapelekwa Tanganyika, wakati huo ikiwa mikononi mwa Wadachi. Kule akaona mafundi wakichonga mpingo. Wengine husema walikuwa Wamakonde, wengine Wazaramo. Vita vilipokwisha akarudi kwao na ufundi ule, akawafundisha jamaa zake, na kutoka kwa jamaa ukaenea mpaka Nairobi, Mombasa na Malindi. Kwa hesabu hiyo kinyago cha Mkamba hakijazidi sana umri wa miaka mia. Miaka mia si haba, na aliyerithi kazi kwa babu yake ana haki ya kuiita yake. Lakini mtu akisema amekusanya sanaa ya Wakamba na akarudi na twiga wa Changamwe tu, atakuwa amekusanya jani akaacha shina.

Shina lenyewe ni lipi? Kuna kigoda cha mzee, cha miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, uso wake umebonyea kidogo, na juu yake zimepigwa nakshi za waya mwembamba wa shaba ulioshindiliwa ndani ya mti mpaka ukipitisha kiganja huuhisi. Kuna mikufu ya chuma na shaba, pete ndogo ndogo zilizoshikana hata mkufu ukalala mkononi kama uzi. Wageni walioingia Ukambani zamani walistaajabia kazi hiyo, na majirani waliinunua. Kuna vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma kilichopashwa moto. Kuna mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, ambayo kila mmoja una alama ya ukoo wa mwenyewe, ili asali isije ikaliwa na asiyehusika. Alama hizo ni maandiko ya namna yake. Mtu aliyezijua aliweza kupita porini akasoma mti huu ni wa nani na ule ni wa nani. Na kuna kiondo, ambacho wenyewe hukiita kyondo, kazi ya wanawake, na ndicho kilichonipeleka mimi Kalamba.

Kabla sijafika huko, msomaji na anivumilie kidogo, kwa sababu ile shaba ya kwenye kigoda ina habari zake. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia ya bara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa misafara yao ndiyo iliyokuwa ikishusha pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa, na ilipopanda ilichukua nguo, chumvi, ushanga na masango. Neno masango vijana wetu hawalijui tena. Ndiyo zile nyaya za shaba zilizouzwa kwa mikunjo katika maduka ya wazee wetu. Mfanyabiashara mashuhuri kupita wote, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Krapf alipopanda Ukambani mwaka 1849, na ndiye aliyeuawa mwaka 1851 walipokuwa wakisafiri pamoja kuelekea mto Tana. Basi waya ule uliolala katika kigoda cha mzee wa Ukambani aghalabu ulipitia bandarini kwetu. Shaba ni yetu sote, ila nakshi ni yao. Kwa hiyo asije mtu akaniuliza sisi Waislamu wa pwani tunaingiaje katika mambo ya Ukambani. Tumeingia zamani, na faida tuliichukua.

Kalamba iko Makueni, upande wa Nzaui, nchi ya vilima na ya ukame. Ng'ambo ya pili ya mto Athi ni Kitui. Mtu akipita haraka ataona maembe tu, na kwa kweli maembe yapo mengi, hata serikali ya kaunti imejenga kiwanda hapo Kalamba cha kuyasindika. Nilikwenda siku ya soko. Akina mama walikuwa wakiuza mbaazi na pojo, na huku wanauza, mikono haikukaa bure: kila mmoja alikuwa na kiondo chake nusu nusu, nyuzi zimening'inia kama ndevu. Mwanamke wa Kikamba husuka akiwa amekaa, husuka akizungumza, na husuka akitembea njiani na mzigo mgongoni.

Nilikaa na mmoja wao, mama wa makamo ya nyanya yangu, ambaye kwa adabu ya kwao nilimwita Mwaitu. Mbele yake palikuwa na viondo vya namna tatu, na kwa viondo hivyo vitatu alinieleza habari ya karne nzima.

Cha kwanza kilikuwa cha uzi wa dukani, wa nailoni, rangi zake zinawaka kama taa za Diwali. Hiki, alisema, ndicho kinachonunuliwa haraka, maana ni rahisi na hakichuji. Cha pili kilikuwa cha katani. Watalii wanapokiona hiki husema ndicho cha asili hasa, na wauzaji hawawakatazi. Lakini sisi watu wa pwani tunaijua katani imetoka wapi. Ililetwa Tanga mwaka 1893 na Mdachi mmoja, Richard Hindorf, kutoka Marekani, na asili yake ni Mexico. Kwa hiyo kiondo cha katani, pamoja na uzuri wake wote, kinakaribiana umri na kinyago cha Wamunyu.

Cha tatu kilikuwa kidogo, rangi ya vumbi, hakina pambo ila mistari miwili mitatu ya kahawia, na mwenyewe hakuwa akikiuza. Hicho kilikuwa cha mbuyu. Nyuzi zake hutoka katika gome la ndani la mti. Gome hubanduliwa kwa kiasi, maana mbuyu una sifa ambayo miti mingi haina, ya kuotesha gome jipya palipobanduliwa. Kisha hupondwa, hukaushwa, huchambuliwa, na mwishowe husokotwa kwa kiganja juu ya paja mpaka uzi ukawa imara. Yapo na magugu mengine ya porini yaliyotoa nyuzi, na mizizi na magome yaliyotoa rangi. Kazi ya kuandaa nyuzi peke yake humaliza siku nyingi kabla ya kitako cha kiondo kuanzwa. Mtu akishapata uzi wa nailoni dukani kwa shilingi chache, nani atakwenda kuponda gome?

Nikamwomba anitajie majina: ya magugu, ya rangi, ya kitako, ya kila pambo, ya kila namna ya kugeuza uzi. Akataja, na akataja, nikahesabu mpaka nikaacha. Kila mstari una jina lake na baadhi ya majina yana kisa. Pembeni alikaa mjukuu wake, msichana wa sekondari, naye alikuwa akiyasikia mengi katika hayo kwa mara ya kwanza kama mimi. Hakuwa mtoto mvivu. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza nyanya yake mbele yake.

Msomaji atatamani niyaandike majina hayo hapa. Sitayaandika, na sababu yangu ndiyo hoja ya makala haya. Kikamba kina irabu saba. Kalamu yangu ya Kiswahili ina tano. Neno nitakaloliandika kwa kubahatisha litageuka neno jingine, na likishachapwa gazetini litakuwa ushahidi wa uongo. Utafiti wa ufundi wa Kalamba hapana budi ufanywe Kalamba, kwa Kikamba, na mtu ambaye sikio lake limezaliwa nao. Sisi wengine kazi yetu ni kuwashikia taa.

Mpaka sasa mambo yamekwenda kinyume. Aliyeandika kitabu kinene kupita vyote juu ya Wakamba ni Mswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani zaidi ya miaka mia iliyopita, kwenye 1911 na 1912; kazi yake ilichapwa Uppsala mwaka 1916, na kikatoka kikamilifu mwaka 1920. Ni kitabu cha maana, na mtu huyo alijifunza lugha. Lakini ni mtoto gani wa Makueni anayekipata? Tena vitu vilivyokusanywa zama hizo havikubaki hapa. Mradi mmoja wa miaka ya karibuni, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wasanii na watafiti wa Kenya na Ulaya, ulijaribu kuhesabu vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ukafikisha zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi thelathini hivi, na hesabu yenyewe haikuwa imekwisha. Maonyesho yake yalifanyika Nairobi mwaka 2021, na katika kabati kadhaa hapakuwekwa kitu, makusudi, ili watu waone utupu ulivyo. Mkufu wa Mkamba ukiwa ndani ya kabati la Ulaya hauliwi na kutu wala kigoda hakiliwi na mchwa, hilo nalikubali. Lakini jina la fundi halipo, jina la pambo halipo, na aghalabu kijiji hakipo. Limeandikwa kabila na namba, basi.

Kwamba maandiko yana nguvu, sisi wa pwani tunao ushahidi karibu. Wasomaji wa Kilifi wataikumbuka habari ya vigango, zile nguzo za ukumbusho za jirani zetu Wagiriama, zilizokuwa zikiibwa usiku na kuuzwa Marekani kama mapambo ya sebuleni. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa kike kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa amesimama karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti yule yule aliviona katika makumbusho za huko kwao. Picha ilikuwapo, jina la mwenyewe lilikuwapo, mahali palijulikana. Hakuna aliyeweza kubisha. Mwaka 2007 kimoja kikapokelewa tena kijijini kwa ngoma. Vigango vingine mamia vilivyokwenda bila picha na bila jina, nani atathibitisha ni vya nani?

Najua hapa baadhi ya wasomaji wameanza kukunja uso. Vigango, vinyago, mambo ya mizimu: Mwislamu anahusika nayo vipi? Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Kuhusu sanamu, hukumu ya wanazuoni wetu inajulikana na mimi si mtu wa kuibadilisha. Katika nyumba niliyolelewa halikuwekwa hata farasi wa mbao. Lakini angalia vile vitu nilivyovitaja. Kigoda, mkufu, kiondo: ni mistari, miraba na miduara, nakshi isiyo na uso, jamaa ya karibu kabisa ya nakshi tunazochonga katika milango ya Lamu na kusuka katika misala yetu. Mtu wa Siyu angekaa na yule Mwaitu wakaelewana kwa vidole tu.

Na hata pale penye imani isiyokuwa yetu, kuichunguza si kuifuata. Al-Biruni alikuwa Mwislamu na mwanachuoni, aliyezaliwa mwaka 973. Alipotaka kujua habari za Wahindi alijifunza Kisanskriti, akakaa na wenye dini yao, na kwenye mwaka 1030 akaandika kitabu kinachoeleza itikadi zao kama wanavyozieleza wenyewe, bila matusi na bila kuongeza chumvi. Mpaka leo wanaosoma habari za India ya kale humrudia. Hakutoka katika Uislamu kwa kufanya hivyo. Ninachotaka mimi kwa Kalamba ni kidogo kuliko hicho: majina ya nyuzi.

Sasa kazi yenyewe. Sheria haikosekani. Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na ndani yake serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuyaandikisha maarifa ya jadi yaliyomo katika maeneo yao na kuyahifadhi. Maana yake Makueni, Kitui, na hata Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, kila moja inadaiwa daftari. Naona embe la Kalamba limepata kiwanda. Nami nasema, bila ya kejeli, kwamba kiondo cha Kalamba kinastahili walau chumba. Chumba kimoja chenye rafu zisizofikiwa na mchwa, kiondo cha kila namna, kipande cha kila uzi, kila mmea uliokaushwa na jina lake kwa Kikamba sahihi, na sauti za akina mama wenyewe wakieleza. Shule ziko pale pale. Wasichana kama yule mjukuu wangeweza kuwa ndio waandishi.

Lakini pawe na sharti. Nimeona watafiti wa aina ya nzige: wanakuja na gari, wanauliza siku tatu, wanapiga picha, wanaondoka, na kijiji hakioni hata ukurasa mmoja. Mtu kama huyo afadhali asije. Akina mama wa Kalamba wapewe nakala ya kila kilichoandikwa, majina yao yawekwe ikiwa wenyewe wanataka, na pambo likichukuliwa kwenda kuchapwa katika kitambaa au mkoba wa kiwanda, walipwe. Hili si jambo la kuwaza tu. Katika miaka ya 1980 kiondo kilipokuwa fasheni Ulaya na Marekani, viwanda vya Asia viliiga na kufurika soko kwa bei ambayo mwanamke anayesokota uzi pajani hawezi kushindana nayo. Wakati huo hakukuwa na daftari lolote la kusema pambo hili ni la watu fulani.

Nafasi nyingine imekuja. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, watu wamekumbuka kuwa nyanya zao walikwenda sokoni na kiondo. Bei imepanda kidogo. Lakini anayefaidika zaidi ni kiondo cha nailoni, yaani tumetupa mfuko wa plastiki tukabeba plastiki iliyosukwa. Simlaumu msukaji, ana karo ya kulipa. Namlaumu mnunuzi asiyeuliza.

Nao wachongaji wa Changamwe na Malindi wametuonyesha kuwa ufundi unaweza kubadilika bila kufa. Mpingo na muhugu vilipoanza kuadimika msituni, walishauriwa wahamie mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya shambani inayoota upesi. Wengi walisita mwanzo, wakidhani mtalii hatanunua. Leo mwarobaini, ambao kwetu tulizoea kuujua kwa uchungu wa dawa yake, unalisha nyumba nyingi za mafundi. Hapo palikuwa na utafiti: watu walikwenda, wakapima, wakauliza, wakajaribu mti, wakarudi kwa mafundi na majibu. Mbuyu wa Kalamba haujapata bahati hiyo. Kiasi gani cha gome kinabanduliwa mti usidhurike, na kwa miaka mingapi uachwe? Akina mama wanajua jibu. Halijaandikwa popote ninapopajua mimi.

Jirani akinijibu kuwa nianze kwanza kwangu, nitakubali. Vijana wetu wangapi wanaweza kutaja majina ya miundo ya kofia za mkono, au namna za ukili wa mkeka? Misala ya plastiki kutoka Uchina imejaa misikitini, na fundi wa kusuka msala wa miyaa, ukimpata, amekwisha kuwa mzee. Lamu wana makumbusho yao na wamejitahidi. Sehemu nyingine za pwani tunatumaini wazee tu, nao wazee wana ajali zao.

Kwa atakayetaka kwenda Kalamba, ama ni mwalimu, ama ni mwanafunzi wa chuo, ama ni ofisa wa kaunti, nampa taarifa moja ya manufaa. Asiende mvua za Oktoba zikishaanza, maana hizo ndizo zinazotegemewa Ukambani na kila mtu huwa shambani tangu alfajiri. Aende kiangazi, kati ya Julai na Septemba, shamba likiwa limelala na akina mama wamekaa kivulini na nyuzi zao. Achukue daftari nene na simu yenye nafasi ya kunasa sauti, na amchukue mtu anayezijua zile irabu saba.